Mmea wako wa pesa hauna njaa, unatafuta mti

*"Shikamoo mtaalamu. Nina mmea wa pesa, ule wa kutambaa wenye majani ya kijani na madoa ya dhahabu. Dada yangu alinikatia kipande miaka mitatu iliyopita, nikakiweka kwenye chupa ya maji juu ya kabati la televisheni, kikastawi vizuri sana. Mwaka jana nikauhamishia kwenye kopo la rangi la lita 4 lenye udongo, nikaupitisha ukutani kwa misumari mpaka juu ya mlango. Sasa una zaidi ya mita 4, lakini majani mapya yanatoka madogo kama ya mchicha, dhahabu imepotea, na karibu na kopo imebaki kamba tupu. Majani ya chini yanageuka njano mawili matatu kila wiki, na mimi namwagilia kila siku. Jirani kaniambia mmea una njaa, niumwagie maji ya kuoshea mchele na majani ya chai. Nimefanya hivyo miezi miwili, hakuna nafuu. Nataka kuukata nianze upya, lakini mama mkwe hataki kusikia, anasema ukikata mmea huo unakata riziki ya nyumba. Na sasa mwanangu ana miezi 11, anashika kila kitu, nimeambiwa mmea una sumu. Niutupe? Niko Dar es Salaam."*

Marahaba, dada yangu. Usiutupe. Kwa maelezo yako mmea huu bado una uhai mwingi, na ile kamba tupu inayokuudhi ndiyo mtaji wako, nitakueleza kwa nini. Ila una matatizo mawili yaliyokutana kwenye kopo moja, na dawa ya moja haitibu jingine. Majani kuwa madogo na dhahabu kupotea kunatokana na mwanga hafifu na kukosa pa kushika. Majani kuwa njano kunatokana na mizizi kukosa hewa. Njaa haimo katika yote mawili, ndiyo maana maji ya mchele hayakusaidia.

Lakini nianze na mtoto, maana hilo halingoji.

Mmea wa pesa ni ndugu wa magimbi, ni wa ukoo mmoja kabisa. Aliyewahi kula gimbi ambalo halijaiva anajua koo linavyowasha. Kinachowasha ni fuwele za kalisi oksaleti, zenye umbo la sindano, ndogo kiasi kwamba hazionekani kwa macho, zilizojaa ndani ya majani na shina. Mtu akitafuna, sindano hizo zinachoma ulimi, ufizi na koo. Kwa hiyo mtoto akiuma jani, mara nyingi atalia papo hapo, atatokwa na mate mengi, midomo itavimba kidogo, na ataacha mwenyewe kwa maumivu. Mtoe kipande kilichobaki mdomoni, mfute ulimi na ufizi kwa kitambaa safi chenye maji, kisha mpe maji ya baridi au maziwa kidogo kidogo. Usimtapishe, kwa sababu vitu vikirudi juu vitachoma koo mara ya pili. Akishindwa kumeza, sauti ikibadilika, uvimbe ukizidi au akianza kupumua kwa shida, mpeleke hospitali mara moja, na uchukue jani ulionyeshe kwa daktari. Utomvu ukiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, halafu akaonwe.

Ni mara chache sana mambo yakafika huko, na sikuandikii haya kukutisha. Inatosha mmea ukae pasipofikiwa na mkono wa mtoto, na majani yanayodondoka yaokotwe kila siku. Ukishaukata, nawa mikono kabla ya kumbeba, maana utomvu huwasha ngozi pia.

Sasa turudi kwenye yale majani ya ukubwa wa mchicha.

Asili ya mmea huu ni kisiwa cha Mo'orea, katika Polinesia ya Ufaransa, huko bahari ya Pasifiki. Mwituni huanzia chini, kwenye sakafu ya msitu, ukiwa kamba nyembamba yenye majani madogo yaliyoachana. Kamba hiyo ina kazi moja tu, kutafuta mti. Ikigusa gome na mizizi ya kwenye vifundo ikashika, mambo yanageuka: pingili zinakuwa fupi, shina linanenepa, na kila jani linakuwa kubwa kuliko lililotangulia. Mmea unaweza kupanda mita 20, na huko juu jani moja laweza kukaribia urefu wa mita 1, tena limechanika pembeni kama jani la mgomba lililopigwa na upepo. Kisha tawi likiachia mti na kuning'inia, majani yake yanaanza kupungua tena.

Huhitaji kwenda Pasifiki kuliona hilo. Nyuma ya nyumba niliyokuwa nikiishi Tanga kulikuwa na mwembe ambao mpangaji wa zamani aliutupia masalia ya mmea huu chini yake. Siku moja nilichuma jani lililoota usawa wa kichwa changu, nikalilaza juu ya mkono: lilianzia kiwikoni likapita ncha za vidole. Chini ya mwembe uleule, kamba iliyokuwa ikitambaa juu ya majani makavu ilikuwa na majani ya ukubwa wa kiganja cha mtoto. Mmea ni mmoja, udongo ni mmoja, mvua ni moja. Wa juu ulikuwa umeshika gome, wa chini ulikuwa bado unatafuta.

Wa kwako umeegemezwa kwenye misumari. Msumari unaubeba, lakini ukuta uliopakwa rangi ni mkavu na unateleza, mizizi haipati pa kuingia. Kwa mmea, hiyo ni sawa na kuning'inia hewani, na kila ilichonacho kamba inakitumia kurefuka. Isitoshe, kadiri ncha inavyosogea juu ya mlango ndivyo inavyozidi kulipa dirisha kisogo. Macho yetu yanazoea haraka, hata chumba cha giza tunakiona kina mwanga wa kutosha. Fanya jaribio hili saa sita mchana: weka karatasi nyeupe pale ncha ilipo, inua kiganja chako juu yake kama sentimita 30. Ukiona kivuli chenye kingo unazoweza kuzichora, mwanga unatosha. Ukiona wingu tu lisilo na umbo, hapo mmea unaishi kwa kubana matumizi. Nadhani juu ya mlango hutaona hata hilo wingu.

Dhahabu nayo ilipotelea hapohapo. Sehemu ya dhahabu kwenye jani ina klorofili kidogo, na klorofili ndiyo inayopika chakula cha mmea kwa mwanga. Penye mwanga mwingi mmea unamudu kubeba sehemu hizo. Gizani, machipukizi ya kijani kitupu ndiyo yanayojiweza, yanatangulia na kuwaacha wenzao. Majani ambayo tayari yametoka kijani hayatarudisha dhahabu, na madogo hayatakua kufikia yale ya zamani. Jani likishakunjuka, ukubwa wake ndio huo. Mabadiliko utayaona kwenye majani yajayo tu, kwa hiyo usikate tamaa ukitazama ya zamani.

Tuje kwenye njano. Hukuniambia kama kopo la rangi lina matundu chini. Kwa uzoefu wangu makopo tisa kati ya kumi ninayoletewa hayana, na hapo ndipo penye ugonjwa. Mizizi inavuta oksijeni kama sisi. Katika udongo mzuri hewa inapita kwenye nafasi baina ya chembe za udongo. Nafasi hizo zikijaa maji, oksijeni inapenya polepole sana, mara elfu kumi hivi kuliko inavyopenya kwenye hewa, na vijidudu vya udongoni vinaimaliza hata hicho kidogo kilichopo. Mizizi inakosa pumzi, inakufa, kuvu zinaingia, inaoza. Mzizi uliooza haunywi maji, kwa hiyo majani yanalegea na kuwa njano huku udongo ukiwa tope, na mwenye mmea akiyaona yamelegea anaongeza maji. Nimeona watu wenye mapenzi makubwa na mimea yao wakiipoteza kwa njia hii. Maji ya mchele na majani ya chai yaliongeza uchafu wa kuoza juu ya uozo, na bila shaka umeshaanza kuona visubi vidogo vyeusi vikiruka ukigusa udongo.

Najua utaniuliza, mbona kwenye chupa ya maji matupu ulistawi? Ni swali la haki. Mizizi iliyoota majini inajijenga na vinjia vya ndani vya kupitishia hewa, na maji ya chupa hayana udongo wala samadi vya kulisha vijidudu vinavyomaliza oksijeni. Tope la kopo ni kitu kingine kabisa.

Kwa hiyo kabla ya chochote, utoe mmea koponi na utazame. Mzizi mzima ni mweupe au wa maziwa, mgumu ukiubana. Uliooza ni mweusi au kahawia, na ukiuvuta kwa vidole ngozi inavuka kama soksi, unabaki uzi. Harufu nayo itakueleza, maana udongo mzima unanuka mvua, uliooza unanuka mtaro. Kata yote iliyooza kwa mkasi uliopanguswa kwa spiriti. Ukikuta nusu ya mizizi ni mizima, shina hilo litapona. Ukikuta yote imekwisha, bado hujapoteza kitu, kwa sababu unayo mita 4 ukutani.

Hapa ndipo ile kamba inapofaa. Kila mahali palipokuwa na jani pana kifundo, na kwenye kifundo pana jicho lililolala, kama macho ya muwa. Huyakosi hata kama jani lilidondoka mwaka jana. Kata kamba kama unavyokata pingili za muhogo: kila kipande kiwe na kifundo kimoja au viwili, ukate sentimita 2 hivi juu na chini ya kifundo. Utaona karibu na kifundo kinundu kidogo cha kahawia. Huo ni mzizi unaosubiri unyevu. Jani peke yake na kikonyo chake, bila kifundo, litaota mizizi majini na kukaa kijani miezi mingi, lakini halitachipua kamwe kwa sababu halina jicho. Watu wengi wanasubiri jani la namna hiyo mwaka mzima.

Ukitaka dhahabu irudi, chagua vipande ambavyo shina lenyewe lina mistari ya manjano kwenye kifundo. Jicho lililo juu ya mstari huwa linatoa majani yenye madoa. Lililo kwenye sehemu ya kijani tupu mara nyingi linatoa kijani. Vipande vyenye majani viweke kwenye maji, vile vitupu vilaze juu ya udongo wenye unyevu, kifundo kikigusa udongo, usivifukie. Kwa joto la Dar mizizi hutoka ndani ya wiki 2 hadi 4, na macho ya vipande vitupu huchukua muda zaidi kidogo kufunguka.

Nikuombe jambo moja kuhusu hizo chupa. Mbu anayeeneza homa ya dengi hutaga kwenye maji yaliyotuama ndani ya vyombo vya nyumbani, na chupa ya maua na kisahani cha chungu ni makazi anayoyapenda. Dar es Salaam tumeshaumwa na dengi zaidi ya mara moja. Mlipuko wa 2019 wengi tunaukumbuka. Kwa joto letu yai linaweza kufika kuwa mbu anayeruka kwa muda wa wiki moja na siku chache. Kwa hiyo badilisha maji yote kila wiki bila kukosa, na usugue chupa kwa ndani, maana mayai yananata kwenye kuta na yanavumilia ukavu kwa miezi. Ziba mdomo wa chupa kwa pamba kuzunguka shina. Ukiwa na mtoto wa miezi 11 ndani ya nyumba, hili usilifanyie ajizi.

Chombo kipya kiwe na matundu. Hata kopo lilelile linafaa ukilitoboa matundu 6 au 7 kwa msumari wa moto na kulisafisha mabaki ya rangi. Udongo mtupu wa bustani unashikana ukilowa. Changanya sehemu 2 za udongo, 1 ya samadi iliyooza vizuri kabisa, na 1 ya makumbi ya nazi yaliyochambuliwa au pumba za mpunga zilizochomwa. Makumbi ya pwani huwa na chumvi, yaloweke siku moja, umwage maji, urudie mara mbili tatu. Panda vipande 4 au 5 pamoja kwenye chombo kimoja ili kijae mapema.

Na katikati usimamishe nguzo. Hili ndilo lenye uzito kuliko mengine yote niliyoandika. Tafuta mti wa mita 1.2 hivi, uuviringe makumbi au usumba mpaka uwe mnene kama mkono wako, ukaze kwa kamba ya katani. Tazama shina: majani yako upande mmoja, vinundu vya mizizi upande mwingine. Upande wa vinundu ndio uelekee nguzoni. Funga kwa vipande vya kanga chakavu, ukifunga shina na si kikonyo cha jani, kwa kulegeza. Kila unapomwagilia, anza kwa kumimina maji juu ya nguzo, kwa sababu mizizi haiingii kwenye makumbi makavu, na nguzo kavu haina tofauti na ukuta wako. Weka mita 1 au 2 kutoka dirishani, jua la asubuhi likiingia si neno, ila la mchana moja kwa moja litaunguza majani na kuacha mabaka ya kahawia. Kumwagilia kuwe kwa kidole: chovya hadi kiungo cha pili, ukihisi unyevu acha. Kwa chombo cha ukubwa huo huenda ikawa mara moja kwa siku 5 au 7, na kipupwe, Juni hadi Agosti, hata usubiri siku zaidi ya hizo. Mbolea isubiri mpaka uone majani mapya mawili matatu. Baada ya hapo ncha ya kijiko cha chai ya NPK 17-17-17 kwenye lita 1 ya maji, mara moja kwa mwezi, inatosha.

Sitakuahidi majani ya mwembe wa Tanga. Ndani ya nyumba, kwa nguzo ya urefu huo, ndani ya mwaka unaweza kutegemea majani ya ukubwa wa kiganja cha mtu mzima na kuendelea, yenye dhahabu yake. Ukiupenda zaidi ukutani, nao ni uamuzi halali, pengine unapamba sebule yako vizuri. Basi kubali kwamba majani yatakuwa madogo, uupitishe ukuta wa dirishani na si wa mlangoni, na uukate ncha kila baada ya miezi michache ili ujae. Kuna watakaokushauri uupande nje kwenye mwembe au mnazi. Unapendeza kweli, lakini ukishashika mti ni kazi kubwa kuuondoa. Sri Lanka, Hawaii na Florida umeshatoroka bustanini na kufunika mimea ya asili, kwa hiyo hata mabaki utakayokata usiyatupe bondeni wala mtoni. Yaanike juani mpaka yakauke kabisa.

Kuhusu mama mkwe, nakushauri usimkatie mmea nyuma ya mgongo wake. Kaa naye umwambie jambo hili, huenda likamgusa: mmea wa pesa karibu hauchanui kabisa. Utafiti uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba jeni moja inayohusika na kutengeneza homoni ya jiberelini haifanyi kazi yake, na bila homoni hiyo maua hayaanzi. Bila maua hakuna mbegu. Kwa hiyo mmea huu mijini kwetu, Mombasa, Bujumbura mpaka Muscat, umesambaa kwa mtu kukata pingili na kumpa mwenzake. Hata wako ulifika nyumbani kwenu kwa sababu dada yako alikata. Kipande cha kwanza kitakachochipua, chenye mstari mzuri wa dhahabu, mpe mama akipande mwenyewe.

Ukitoa mmea koponi ukakuta shina lenyewe limelainika mpaka sentimita kadhaa juu ya udongo, au ukaona kwenye vikonyo vitu vyeupe kama vipande vya pamba vinavyorudi hata baada ya kuvifuta mara tatu kwa maji ya sabuni, hivyo ni vidung'ata, usihangaike peke yako na dawa za kupuliza ukiwa na mtoto ndani. Uufunge mmea wote kwenye mfuko, pamoja na mizizi yake, uupeleke kwa mwenye kitalu unayemwamini au kwa afisa ugani wa kata yako. Picha ya jani pekee haitoshi kumwonyesha kinachoendelea chini. Na siku utakayofunga shina kwenye nguzo, pima jani la juu kabisa kwa rula, uandike urefu wake na tarehe kwa penseli pembeni ya kopo. Likitoka jani la nne baada ya hilo, lipime nalo, kisha uniandikie vipimo vyote viwili.